Anayeanza nyuma ya pazia naye aandikiwe mkataba: barua ya wazi kwa wenye kampuni za wanamitindo Nairobi

Kwenu wamiliki na wakurugenzi wa kampuni za wanamitindo jijini Nairobi. Nakala kwa Wizara ya Kazi.

Salamu nyingi.

Ijumaa jioni msichana wa jirani hapa Umoja alinibishia mlango, simu mkononi, uso umemchangamka. Amepata kazi katika kampuni ya wanamitindo. Kupanda jukwaani hakutaki kabisa. Amemaliza diploma ya mawasiliano, anapenda mitindo tangu utotoni, na anachotaka ni kazi ya ofisini huko: kuwatafuta wanamitindo, kuwapangia kazi, kuzungumza na wateja, kuhakikisha kila mtu amefika alipotakiwa. Akanisomea ujumbe aliotumiwa. Aripoti Jumatatu saa mbili asubuhi, aje na laptopu yake, na mambo ya malipo "tutaongea ukishazoea."

Nilimkumbatia, tukanywa chai. Alipoondoka usingizi ulinipaa. Ujumbe huo niliupokea mimi mwaka 2016, karibu neno kwa neno, na nikafanya kazi miezi kumi na mmoja bila karatasi hata moja yenye jina langu.

Kampuni niliyoanzia siitaji, kwa kuwa ninalotaka kusema haliihusu peke yake. Tangu hapo nimefanya kazi na ofisi nyingine, kubwa na ndogo, Kilimani, Westlands na katikati ya jiji, na nimekutana na vijana wengi walioingia kwa mlango ule ule. Wengi wao wameshaacha. Ombi langu ni hili: mtu anayeanza kazi nyuma ya pazia aandikiwe mkataba, alipwe na afundishwe tangu siku ya kwanza. Ninaliomba kwa ajili yake, na zaidi kwa ajili ya mwanamitindo anayempigia simu.

Niruhusuni nieleze kazi yenyewe, maana wapo kati yenu mlioingia kwa mtaji, au kwa jina mlilojijengea jukwaani, na hamjawahi kuishika kwa mikono.

Siku yangu ya kwanza nilipewa utepe wa kupimia, ule wa fundi cherehani, na daftari. Chumba kilikuwa na wasichana tisa waliokuja kuonekana. Nikaambiwa niandike urefu, kifua, kiuno, nyonga na namba ya kiatu. Hakuna aliyenionyesha namna. Msichana wa kwanza alikuwa amevaa raba zenye soli nene, nikampima nazo, nikaandika futi tano na inchi kumi na moja. Bila viatu alikuwa futi tano na inchi tisa na nusu. Kosa hilo lilipanda kwenye kadi yake ya picha na vipimo, kadi ikaenda kwa mbunifu, na siku ya kujaribu nguo suruali zote zikamfunika nyayo. Alirudishwa. Alikuwa ametoka Githurai na mvua asubuhi, akarudi Githurai na mvua mchana, kwa nauli aliyokopa. Sijasahau alivyozikunja zile suruali taratibu na kuziweka juu ya kiti, moja juu ya nyingine, kabla ya kutoka.

Leo ninajua kwamba mtu hupimwa peku, visigino vikigusa ukuta, macho yakitazama mbele. Ninajua kwamba kiuno hupimwa mtu akiwa amepumua kawaida, kwa sababu kila msichana akiona utepe hubana tumbo. Ninajua kwamba wa miaka kumi na saba hupimwa tena baada ya miezi michache, kwa kuwa bado anakua. Ni mambo ya nusu saa kumfundisha mtu. Mimi yalinichukua mwaka mzima, na kila somo nililipata kwa hasara ya mwingine.

Kuna mambo ya tarehe pia. Mteja akisema "nishikie fulani Alhamisi," hajamwajiri bado, lakini amemfunga: kazi nyingine ikija ya Alhamisi ile ile, lazima umrudie wa kwanza umuulize, na umpe saa za kujibu. Mratibu asiyejua hilo humkosesha mwanamitindo kazi mbili kwa siku moja. Nimeshuhudia.

Lakini somo lililoniuma kuliko yote ni la matumizi ya picha. Mteja anapolipia picha, analipia mahali atakapoitumia, nchi gani, na kwa muda gani. Picha ya mtandaoni ya miezi mitatu ina bei yake, bango la barabarani lina bei nyingine, na tangazo la runinga ni habari tofauti kabisa. Msichana mmoja nilimpangia kazi ya picha za mitandao, shilingi 15,000. Kampuni ilichukua asilimia 20 yake, akabaki na 12,000. Miezi saba baadaye akanipigia akiwa ndani ya matatu kwenye Barabara ya Thika. Kelele za utingo zilikuwa zinamzidi, ila nilisikia furaha yake: "Dada, niko juu ya bango! Niko mkubwa kuliko nyumba!" Kisha akanyamaza kidogo, akauliza, "Na hiyo nayo italipwa?"

Nilifungua barua pepe niliyomwandikia mteja. Tarehe ilikuwepo, saa ilikuwepo, mahali na bei vilikuwepo. Mstari wa matumizi haukuwepo, kwa sababu sikuwahi kujua kuna mstari kama huo. Hatukuwa na cha kumdai mteja. Bango lilikaa pale hadi jua likalibabua, na kila nilipopita njia hiyo niligeuza uso dirisha la upande wa pili.

Mkurugenzi alinilaumu, na alikuwa na haki ya kukasirika. Ila nawauliza kwa heshima: kazi ya kuandika mstari huo mlimpa nani? Mlimpa mtu ambaye kwenye vitabu vyenu hayupo. Hana mshahara, hana cheo, hana saa ya kuingia wala ya kutoka, na barua pepe anayoandika ndiyo mkataba pekee alionao mwanamitindo wenu na mteja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bado ninalibeba. Kila ofisi ina sentensi yake ya kuwajibu wanamitindo wanaodai. Yetu ilikuwa "mteja bado hajalipa." Mara nyingi ilikuwa kweli, maana wateja wa Nairobi wakipewa ankara ya siku 30 hulipa siku ya 90, na wengine huzungusha watu hata zaidi. Alasiri moja nilitumwa nichapishe taarifa ya benki. Karatasi ikitoka kwenye mashine, nikaona pesa za onyesho fulani zilikuwa zimeingia wiki tano nyuma. Sikuwa nimeirudisha kalamu mezani kabla simu kuita. Alikuwa kijana wa Dandora aliyetembea katika onyesho hilo hilo. Mwenye nyumba ameufunga mlango wake kwa kufuli, vitu vyake viko ndani, na alikuwa anauliza kwa upole kama kuna habari yoyote.

Nikamwambia mteja bado hajalipa.

Nilisema vile kwa sababu ndivyo nilivyoagizwa, na kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa bado nangoja "kuzoea" ili tuongee mambo ya malipo. Ningesema kweli, kesho yake kiti kingekuwa cha mwingine, bila notisi, bila barua, bila mahali pa kulalamikia. Mwaka 2021 nilikutana na kijana huyo mjini, mbele ya jengo la Archives, nyaraka za taifa, tukasalimiana, nikamweleza yote nikimwangalia machoni. Akanisamehe papo hapo. Akaniambia alijua tangu siku ile, sauti yangu ilikuwa imebadilika.

Ndiyo maana nasema mkataba wa anayeanza unamgusa na mwanamitindo. Mratibu mwenye barua ya ajira anaweza kumwambia bosi, "Hilo siwezi kumwambia, naomba tumlipe." Mratibu anayetafuta nauli ya kurudi nyumbani hataweza, hata awe na roho nzuri namna gani.

Sheria iko wazi kuliko wengi tunavyodhani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 9, inataka mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na anayepaswa kuuandaa ni mwajiri. Kifungu cha 10 kinaorodhesha yatakayoandikwa humo: jina, kazi, siku ya kuanza, mahali, saa, mshahara na namna utakavyolipwa. Kesi ikifika mahakamani na mwajiri akakosa kutoa maandishi hayo, ni yeye atakayebeba mzigo wa kuthibitisha au kukanusha yanayodaiwa. Kipindi cha majaribio kipo pia, kifungu cha 42: kisizidi miezi sita, na kikiongezwa kwa miezi sita mingine, mfanyakazi awe amekubali. Hata mtu wa majaribio ni mfanyakazi. Ana mshahara. Na Katiba ya 2010, ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki. Neno "kuzoea" sijaliona popote humo.

Kuna sehemu moja ambapo sheria inawaachia nafasi, na hapo nawaomba msiitumie. Kifungu cha 6 kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono. Ofisi nilizofanyia kazi zilikuwa na watu watano, sita, mara moja wanane. Kwa hesabu hiyo hamlazimiki kuiandika sera hiyo. Lakini kazi yetu ni ya vyumba vya kubadilishia nguo, ya simu za usiku, ya wapiga picha wanaosema "mwache hapa, nitamrudisha mimi." Anayepokea maneno hayo ni yule kijana wenu mpya aliyesimama mlangoni na orodha ya majina. Mwandikieni ukurasa mmoja tu. Aseme nini, ampigie nani, na kwamba akimkatalia mteja hatapoteza kazi.

Na usafiri, tafadhali. Nimewahi kumaliza kazi ya picha kwenye ghala la Industrial Area saa nne na nusu usiku, mvua inanyesha, nikiwa na wasichana wanne na bajeti ya usafiri ambayo haikuwahi kuwepo. Mmoja alikuwa bado yuko shule. Mama yake alikuwa amenipigia mara tatu, na kila mara aliniita "mwalimu," kwa kuwa hakujua aniite nani mwingine aliyekabidhiwa mtoto wake. Nilikopa kwenye Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, nikaita teksi, tukawashusha mmoja mmoja, Mukuru, Donholm, Kayole, mimi wa mwisho. Pesa hizo sikurudishiwa. Nisingeziandika hapa kama ingekuwa mara moja.

Jambo jingine, ambalo huenda hamjalifikiria kabisa: simu zetu. Anayeanza hutumia simu yake mwenyewe. Mle ndani mna picha za wasichana wakiwa na nguo za kuogelea, mbele, ubavu, nyuma, pamoja na umri, namba na mtaa wanakoishi, na wengine hawajafika miaka 18. Siku nilipoondoka kampuni ile ya kwanza hakuna aliyeniuliza picha zile ziko wapi. Nilikaa kitandani nikazifuta mwenyewe, moja moja, na zilinichukua jioni nzima. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa za mtoto. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja hapa jijini faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Hizo zilikuwa picha za shuleni. Zenu ni za nguo za kuogelea, na ziko kwenye simu ya mtu msiyemwandika popote. Mnunulieni simu ya ofisi. Ya bei nafuu inatosha.

Tunaandika pia wasifu wa wanamitindo, na hapo nina ombi la moyoni. Mwaka 1975 mpiga picha Peter Beard alikutana na Iman hapa Nairobi. Iman, aliyekuja kuwa mwanamitindo maarufu duniani, alikuwa msichana Msomali, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Alipofika New York ikaenezwa hadithi kwamba alipatikana porini akichunga mifugo. Miaka mingi imepita na bado ofisini tunaambiwa "ongeza kidogo umaskini, wateja wa nje wanapenda." Kijana mwenye mkataba na mwalimu anaweza kukataa kumzulia mwenzake maisha. Malaika Firth alizaliwa Mombasa, na mwaka 2013 alikuwa mwanamitindo wa kwanza mweusi katika kampeni ya matangazo ya Prada, kampuni ya mitindo ya Italia, tangu Naomi Campbell mwaka 1994. Habari hiyo imejaa utukufu jinsi ilivyo, haihitaji kuongezewa machozi.

Na yapo ya Kakuma, kambi ya wakimbizi, ambayo kila mmoja katika kazi yetu ameyasikia. Mwaka 2023 gazeti la Uingereza liliandika jinsi vijana wa kambi ile walivyotafutwa, wakapelekwa Ulaya, na baadhi wakarudishwa kambini kazi zisipopatikana, wakiwa na deni la tiketi, malazi na picha. Nilisoma habari ile nikawaza jambo moja: yule aliyeketi nao mezani kabla hawajasaini. Alijua kueleza kwamba pesa ya tiketi ni mkopo? Aliambiwa aeleze? Nani alimfundisha?

Najua mtasema kazi haina pesa. Nimeshika vitabu vya ofisi, nafahamu kodi ya nyumba ya Kilimani, nafahamu asilimia 5 ya kodi ya zuio, ile mteja anayoikata kabla ya kutulipa, na nafahamu mteja mkubwa anayelipa wakati akipenda. Siwaombi mshahara wa benki. Nawaomba muache kuwa na vijana wanne wa bure mahali penye uwezo wa kumlipa mmoja. Ajirini huyo mmoja. Mwekeeni mtu mzima wa kumfundisha miezi mitatu, kupima, kuandika ankara, kusoma mkataba, kuuliza matumizi. Mtaona makosa yatakavyopungua, na mtajua pesa ngapi zilikuwa zinawapita kwenye mabango.

Kwa Wizara ya Kazi nina maneno machache. Huko New York sheria ya wafanyakazi wa mitindo ilitiwa saini Desemba 2024 na kuanza kutumika Juni 2025. Kampuni zinazosimamia wanamitindo zinatakiwa kujisajili, haziwezi kuchukua zaidi ya asilimia 20, haziwezi kumtoza mtu pesa za kuingia, na lazima zimpe nakala ya mikataba yake. Sisi tunaweza kuandika ya kwetu. Mkianza kuiandaa, msiwaite wamiliki na mastaa peke yao. Waiteni na wale wanaokaa na daftari mlangoni, na muongeze kifungu chao.

Hilo la Wizara litachukua miaka. La Jumatatu halina muda huo. Msichana wa jirani yangu atafika ofisini kwa mmoja wenu saa mbili kamili, na kwa ninavyomjua atakuwa amefika saa moja na nusu. Nimemwambia avae viatu visivyombana, aje na daftari, na abebe utepe wake mwenyewe, nimempa wangu. Kabla ya kufungua laptopu ataomba kujua mambo matatu: mkataba wake uko wapi, atalipwa kiasi gani na tarehe ngapi, na nani atamfundisha. Ataomba kwa adabu, amelelewa vizuri. Nawasihi, mkalisheni chini mumjibu.

Wenu katika kazi,
Mratibu wa wanamitindo, Umoja, Nairobi